Mashine ya altrasaundi ya kubebeka kwenye figo za farasi na punda: tathmini baada ya miezi 18

Nilinunua mashine hii kwa ajili ya kazi moja mahususi, nayo ni kuangalia jinsi damu inavyopita ndani ya figo za farasi na punda wakiwa wamesimama zizini mwao, bila kuwapakia garini na kuwasafirisha hadi hospitali. Ni mashine ya kubebeka yenye skrini inayofunguka kama kompyuta ya mapajani, probu (kile kidude kinachogusishwa mwilini na kutuma mawimbi ya sauti) ya mviringo ya megahezi 2 hadi 5 kwa kupima kupitia ngozi, probu nyembamba ya megahezi 5 hadi 10 ya kuingizia njia ya haja kubwa, pamoja na Doppler ya rangi na Doppler ya mapigo, njia mbili za kuonyesha na kupima mwendo wa damu. Baada ya miezi 18 ya matumizi naweza kusema kwamba inaionyesha damu vizuri kuliko nilivyotarajia, na inaihesabu vibaya kuliko muuzaji alivyoahidi. Jina la mtengenezaji nimeliacha kwa makusudi, kwa sababu kasoro nyingi nitakazozieleza nimezikuta pia kwenye mashine nyingine mbili za daraja hilihili ambazo niliwahi kuazima.

Figo mbili za farasi hupokea takriban asilimia 20 ya damu yote inayosukumwa na moyo akiwa ametulia, mgao mkubwa ajabu kwa viungo ambavyo kila kimoja kina uzito wa chini ya kilo moja. Mnyama akipungukiwa maji, akipata sumu ya bakteria kutoka kwenye utumbo uliojeruhiwa, au akipewa dawa za maumivu kwa siku nyingi mfululizo, mgao huo ni miongoni mwa ya kwanza kupunguzwa. Kipimo cha kreatinini, taka ambayo figo huitoa katika damu, ni cha kutegemewa lakini huchelewa, kwani kwa kawaida hakipandi waziwazi mpaka takriban robo tatu ya uwezo wa figo iwe imekwisha kupotea. Daktari aliyesimama kando ya farasi mwenye maumivu ya tumbo, ambaye ametibiwa na watu wawili tofauti kabla yake, ana kila sababu ya kutamani kuiona figo kwa macho kabla ya majibu ya maabara kufika.

Nianze na figo ya kulia, kwa sababu ndiyo rahisi na ndiyo muuzaji yeyote atakayekuonyesha siku ya majaribio. Imelala juu kabisa chini ya mbavu za mwisho, kwenye nafasi ya 15 hadi ya 17 kati ya mbavu, na umbo lake linafanana na moyo wa kwenye karata. Ukinyoa manyoya, ukapaka spiriti kisha jeli, ukaiweka probu sambamba na mbavu, picha inatokea mara moja: korteksi, yaani tabaka la nje la figo, yenye kijivu cha wastani, medula, yaani sehemu ya ndani, nyeusi zaidi, na mstari mwembamba wa mpaka kati yao ambako ateri za upinde hupita. Hapa mashine hii inastahili sifa zote. Kijivu chake kina tabaka nyingi, mpaka wa korteksi na medula unaonekana bila kubahatisha, na kidude cha kurekebisha mwangwi kwa kina kiko mahali ambapo kidole gumba hukifikia bila kuacha kuitazama skrini. Tahadhari moja tu: spiriti ikitumika kila siku hukausha na kupasua utando wa mpira ulio mbele ya probu. Mwongozo unasema hivyo kwa herufi ndogo mno katika ukurasa wa mwisho, ilhali kila daktari wa farasi ninayemjua hutumia spiriti kila siku. Mimi sasa naipaka kwenye ngozi tu, naisubiri ikauke kidogo, ndipo naweka jeli nyingi na kugusisha probu.

Figo ya kushoto ndiyo inayotenganisha mashine na mashine. Iko ndani zaidi, nyuma ya wengu, kwenye nafasi ya 16 na ya 17 kati ya mbavu na katika bonde la kiunoni lililo nyuma ya ubavu wa mwisho. Wengu wenyewe ni rafiki, kwa sababu mawimbi hupita ndani yake kwa utulivu na kuifikia figo kama kupitia dirisha, lakini kina kinakuwa kikubwa, na hapo sheria za fizikia hazina huruma. Mwangwi hudhoofika kwa takriban desibeli 0.5 kwa kila sentimita kwa kila megahezi. Kitu kilicho kwenye kina cha sentimita 12 hulazimisha wimbi lisafiri sentimita 24 kwenda na kurudi, hivyo kwa megahezi 2.5 unapoteza desibeli 30, na kwa megahezi 5 unapoteza 60. Tofauti hiyo ya desibeli 30 maana yake ni mwangwi unaorudi ukiwa dhaifu mara 1,000 zaidi. Mnunuzi anayevutiwa na picha kali ya masafa ya juu wakati wa maonyesho asisahau kwamba kwenye figo ya kushoto ya farasi mnene atashuka hadi masafa ya chini kabisa ya probu yake, na picha ya huko chini ndiyo anayopaswa kudai aonyeshwe. Probu hii ikiwa kwenye megahezi 2.5 inatoa picha ya figo ya kushoto inayotosha kupima urefu na kuona kama kuna mawe au maji yaliyojaa kwenye beseni la figo. Haipendezi, ila inatosha.

Kuna nyakati figo ya kushoto haionekani kabisa, na hilo si kosa la mashine. Gesi ya utumbo mpana ikijipenyeza kati ya wengu na figo, mawimbi yote hurudishwa na utaona ukuta mweupe tu. Kwa farasi mwenye maumivu ya tumbo hiyo ni habari kubwa kuliko habari yoyote ya damu ya figo, kwa sababu huenda utumbo mpana umepanda na kunasa juu ya kano inayounganisha figo na wengu. Nimewahi kuitwa kuangalia figo na nikaondoka nimegundua utumbo, nami sikulalamika.

Probu ya njia ya haja kubwa huifikia ncha ya nyuma ya figo ya kushoto kwa farasi wengi wa umbo la wastani ikiwa mkono wa mpimaji ni mrefu wa kutosha. Kwa kuwa umbali ni mfupi, masafa ya juu yanatumika na picha ni safi sana. Kwa punda mdogo sishauri, maana nafasi ni finyu na hatari ya kuchana ukuta wa utumbo ni ya kweli.

Sasa nije kwenye damu yenyewe, ambayo ndiyo niliyoilipia. Doppler ya rangi hufanya kazi kwa kulinganisha masafa ya wimbi lililotumwa na la lile lililorudi kutoka kwenye chembe za damu zinazokimbia, jambo ambalo Christian Doppler alilieleza mwaka 1842 akiwa anafikiria nyota na si farasi. Katika figo yenye afya unatarajia kuona mti: shina linaingia kwenye kitovu cha figo, matawi ya ateri za kati ya ndewe (ndewe ni vipande vinavyounda figo) yanapanda kupita medula, kisha vijitawi vya ateri za upinde vinajikunja kwenye mpaka wa korteksi. Kwenye figo ya kulia ya farasi mwembamba mashine hii huonyesha matawi hadi kwenye upinde, na siku njema huonyesha madoadoa ya rangi ndani ya korteksi yenyewe. Ateri kuu ya figo, hasa ya kulia, ambayo ni ndefu kwa sababu aota imeegemea upande wa kushoto, sijawahi kuiona kwa uhakika kupitia ngozi kwa mnyama mzima, na naamini anayedai kuiona kila mara ana farasi wembamba kuliko wangu. Vipimo vyangu vyote huchukuliwa kwenye ateri za kati ya ndewe.

Kasoro ya kwanza inaonekana hapa. Mashine ikiwashwa kwenye mpangilio wake wa figo, kichujio cha miendo ya polepole huwa juu na kipimo cha kasi huwa kikubwa, kana kwamba mtengenezaji aliogopa zaidi kelele za rangi kuliko kukosa damu. Matokeo yake ni figo nyeusi tii isiyo na tone la rangi, ambayo mtu asiye mzoefu ataitangaza kuwa figo iliyokufa. Teremsha kipimo cha kasi, teremsha kichujio hadi chini kabisa, punguza kisanduku cha rangi kiwe kidogo ili picha zisonge haraka, na mti wote unajitokeza. Nilipowasilisha jambo hili kwa muuzaji niliambiwa kwamba mpangilio huo unabadilishwa kirahisi na kuhifadhiwa. Ni kweli unahifadhiwa, mpaka programu itakaposasishwa na kuufuta.

Kichujio kikishushwa, kelele nazo hushuka kuja kukusalimu. Farasi aliyetulia huvuta pumzi mara 8 hadi 16 kwa dakika, na huwezi kumwomba azuie pumzi kama unavyomwomba mgonjwa binadamu, hivyo kila pumzi huisogeza figo na kumwaga rangi skrini nzima. Utumbo mpana nao hunguruma kwa ratiba yake. Kipo pia kiinimacho kimoja ambacho watumiaji wa mashine yoyote ya aina hii wanapaswa kukijua: mkojo wa farasi na punda una fuwele za kalsiamu kabonati kwa asili, na fuwele hizo, au jiwe dogo lenye uso wa kukwaruza, humetameta kwa rangi mchanganyiko kwenye Doppler kana kwamba kuna damu inayochemka. Ukiweka Doppler ya mapigo juu yake unapata milia ya kelele isiyo na mapigo. Mashine hii inametameta kuliko zile mbili nilizoazima, na sijaamua kama hiyo ni dosari au msaada, kwa sababu mara mbili imenionyesha jiwe ambalo kijivu pekee hakikulionyesha.

Doppler ya mapigo ndiyo inayotoa mchoro wa kasi na, kutoka kwenye mchoro huo, namba. Namba inayotumika zaidi ni fahirisi ya ukinzani, ambayo pia huitwa fahirisi ya Pourcelot: unachukua kasi ya kilele cha sistoli, moyo unaposukuma damu, unatoa kasi ya mwisho wa diastoli, moyo unapolegea, kisha unagawanya kwa kasi ya kilele. Ikiwa kilele ni sentimita 40 kwa sekunde na mwisho wa diastoli ni sentimita 16, fahirisi ni 0.60. Uzuri wake ni kwamba pembe kati ya wimbi na mshipa hujifuta yenyewe kwenye mgawanyo, na kwenye mnyama ambaye mishipa yake ya ndani huwezi kuipanga utakavyo, hilo ni jambo la kushukuru. Kasi halisi haina faraja hiyo. Ukikosea nyuzi 5 tu pembe ikiwa nyuzi 60, kwa mfano ukadhani ni 65, kasi unayoandika inazidi ukweli kwa asilimia 18, wakati kosa hilohilo kwenye nyuzi 30 ni kama asilimia 6. Mashine hii hukuruhusu kurekebisha pembe hadi nyuzi 80 bila kukuonya hata kwa alama ndogo. Vilevile ina kitufe kinachodai kukadiria kiasi cha damu kwa dakika kutokana na upana wa mshipa. Upana huo hupandishwa kwa kipeo cha pili, kwa hiyo kosa dogo la milimita linakuwa kosa kubwa la mililita, na kwa ateri ya kati ya ndewe iliyo sentimita 10 ndani ya farasi kitufe hicho ni pambo. Sijakibonyeza tangu mwezi wa kwanza.

Kwenye kina kikubwa kuna pingamizi jingine. Mashine lazima isubiri wimbi lirudi kabla ya kutuma jingine. Kwa kina cha sentimita 15, safari ya kwenda na kurudi kwa mwendo wa mita 1,540 kwa sekunde hairuhusu kutuma zaidi ya mawimbi 5,000 hivi kila sekunde, na nusu ya idadi hiyo ndiyo mpaka wa kile kinachosomeka bila mchoro kujikunja na kuendelea kutokea upande wa pili wa mstari. Kwa megahezi 5 mpaka huo ni takriban sentimita 38 kwa sekunde, na kwa megahezi 2.5 ni takriban sentimita 77, wimbi likielekea sawasawa na mshipa. Masafa ya chini yanasaidia tena, na ni jambo la kumpa pongezi mtengenezaji kwamba aliruhusu Doppler ishushwe masafa peke yake bila kuivuruga picha ya kijivu. Mashine moja niliyoazima haikuruhusu hilo, na figo ya kushoto ilinishinda kabisa.

Sasa hesabu ya kiotomatiki, sababu kuu iliyotajwa kwenye tangazo na sababu kuu ya mimi kuandika tathmini hii. Mashine huchora mstari juu ya mapigo, huchagua yenyewe kilele na mwisho, kisha huandika wastani wa mapigo matatu kwenye kona ya skrini. Kwa mbwa inafanya kazi vizuri. Kwa farasi aliyetulia haifai, na sababu iko kwenye moyo wa farasi, si kwenye figo. Farasi wengi wenye afya, mapigo yao ya mapumziko yakiwa kati ya 28 na 44 kwa dakika, huruka pigo moja kila baada ya mapigo kadhaa kwa sababu umeme wa moyo huzuiliwa kidogo kati ya chumba cha juu na cha chini. Wakati wa pigo lililorukwa, damu kwenye ateri za figo inaendelea kupungua kasi bila kusukumwa upya. Chukua mfano uleule wa kilele cha 40: mwisho wa diastoli ukishuka kutoka 16 hadi 6 kwa sababu ya pigo lililokosekana, fahirisi inaruka kutoka 0.60 hadi 0.85. Programu hujumlisha pigo hilo na mengine mawili na kukupa wastani unaokaribia 0.70, kisha huiandika namba hiyo kwa utulivu kamili. Figo haikubadilika hata kidogo.

Nimelikabili tatizo hili kwa njia ya kizamani. Nazima hesabu ya kiotomatiki, nagandisha skrini, nachagua mapigo matano yanayofuatana yasiyo na pengo, na naweka alama za kilele na mwisho kwa mkono, kwenye mishipa mitatu tofauti ya kila figo. Inachukua kama dakika ishirini kwa mnyama mmoja. Mashine ina tundu la kuchomekea nyaya za kupimia umeme wa moyo ili mapigo yaonekane chini ya mchoro, na tundu hilo ni msaada mkubwa, ila nyaya zenyewe hazimo kwenye boksi. Huuzwa kando, na zilikuja zikiwa fupi kiasi cha kutosha paka.

Jambo hilihili la moyo ndilo linalofanya dawa za kutuliza kuwa mtego. Zailazini na detomidini hupunguza mapigo, huongeza mapigo yanayorukwa, hubana mishipa ya pembeni mwanzoni na kuongeza mkojo. Namba iliyopimwa dakika kumi baada ya sindano inaeleza dawa zaidi kuliko inavyoeleza figo. Napima bila dawa kila inapowezekana, na isipowezekana naandika jina la dawa, kiasi na dakika zilizopita, ili kipimo cha kurudia kifuate hali ileile. Katika fomu ya ripoti ya mashine hakuna mahali pa kuandika lolote kati ya hayo.

Kisha kuna rangi nyekundu. Fahirisi ikizidi 0.70, programu huigeuza namba kuwa nyekundu. Mpaka wa 0.70 unatoka kwenye tiba ya binadamu, na hutumika pia kwa mbwa. Umepandikizwa kwenye menyu ya farasi kama ulivyo. Mwenye farasi akiwa amesimama nyuma ya bega lako, nyekundu hiyo humtia hofu kabla hujafungua mdomo. "Daktari, figo imekufa?" aliniuliza mzee mmoja, akiwa ameshika kamba ya farasi wake mzima kabisa aliyerukwa na pigo moja. Nilimjibu kwamba kilichokosea ni kikokotoo, nikamwonyesha pengo kwenye mchoro, naye kwa kuwa mwenye macho haambiwi tazama, alilielewa kuliko mafundi walionifungia mashine. Rangi hiyo haizimwi popote kwenye mipangilio.

Nisije nikaeleweka kwamba fahirisi haina maana. Thamani yake kubwa nimeiona kwenye kumfuatilia mnyama mmoja mwenyewe kwa mwenyewe. Farasi jike aliyekuwa akipewa dawa ya maumivu ya fenilibutazoni kwa wiki kadhaa kwa ajili ya kwato zinazouma alinifikia akiwa amepungukiwa maji, ufizi mkavu, mkojo haba. Dawa za jamii hiyo huzuia prostaglandini, ambazo ndizo hulegeza mishipa ya figo damu inapopungua, kwa hiyo ukavu na dawa kwa pamoja huumiza kuliko kimoja peke yake. Mchoro wa figo zote mbili ulikuwa na vilele vyembamba na karibu hakuna mtiririko mwishoni mwa diastoli, huku mapigo ya moyo yakiwa ya haraka, hali ambayo kwa kawaida ingeishusha fahirisi na si kuipandisha. Dawa ilisimamishwa, maji ya mshipani yakaanza, na siku ya pili mtiririko wa diastoli ulikuwa umerudi kuonekana kama ukanda mnene chini ya kila kilele. Kreatinini ilishuka baadaye. Simaanishi kwamba mashine ilimponya wala kwamba namba iliamua matibabu, kwani ningempa maji hata kama betri ingekuwa imekufa. Ilichonipa ni picha ya kwamba maji yanafika yanakotakiwa, saa kadhaa kabla ya maabara kuniambia, na kwa picha hiyo nilikuwa tayari kuibeba begani kwa miezi 18.

Kuhusu punda, mtengenezaji hakufikiria kabisa. Menyu ina farasi, ng'ombe, mbwa, paka na hata kondoo; punda hayumo, na fundi wa mafunzo alishauri nichague "farasi" kisha nipunguze kina. Punda si farasi aliyepunguzwa kina. Manyoya yake ni mazito na makavu, na bila kunyoa hata spiriti ya chupa nzima haitoi picha. Akinenepa, mafuta hujilimbikiza shingoni, mbavuni na ndani ya tumbo kuizunguka figo, kwa hiyo punda mdogo mnene anaweza kudai masafa ya chini kuliko farasi mkubwa mwembamba. Mapigo ya moyo wake wa mapumziko kwa kawaida ni ya juu kidogo kuliko ya farasi, kwa hiyo diastoli zake ni fupi na fahirisi zake hazifai kuwekwa kwenye mizani ya farasi. Zaidi ya yote, punda huficha. Ataendelea kutafuna na kusimama wima akiwa amepoteza maji kiasi ambacho kingemlaza farasi, na ndiyo maana kwake kuangalia damu ya figo kuna faida hata kubwa zaidi, ikiwa tu chombo kimemfikiria.

Kosa la hatari lipo kwenye mwongozo. Unaelekeza kwamba mnyama asile kwa saa 12 kabla ya kipimo ili gesi ipungue, sentensi ambayo bila shaka imenakiliwa kutoka mwongozo wa binadamu au wa mbwa. Punda asiyekula, hasa mnene, mwenye mimba au mgonjwa, huanza kumwaga mafuta kwenye damu, na hali hiyo huharibu ini na figo zilezile ulizokuja kuzipima. Wengi hufa kwayo. Punda hafungishwi njaa kwa ajili ya picha. Nilimwandikia muuzaji barua kuhusu sentensi hiyo, nikajibiwa kwa heshima kwamba maoni yangu yamepokelewa, na toleo jipya la mwongozo lililofuata lilikuja na jalada jipya na sentensi ileile. Ushauri mwingine ambao mwongozo haukuutaja nautoa hapa: mlete punda mwenzake asimame karibu. Punda waliozoeana wakitenganishwa huhangaika, mapigo hupanda, na mchoro wote unaharibika, wakati mwenzake akiwa pembeni anasimama kama nguzo kwa nusu saa bila dawa yoyote.

Vifaa vyenyewe nitavipitia haraka. Betri inatangazwa kudumu saa mbili. Doppler ikiwa imewashwa nimeipima na haijawahi kufika saa moja na nusu. Skrini haisomeki juani, lakini zizi lenye kivuli linatosha. Waya wa probu ni mrefu na mgumu, umeshakanyagwa na kwato mara moja na haukudhurika. Feni hupumua kwa sauti ambayo punda waliizoea mapema kuliko farasi. Vitufe vya mpira vinaoshwa kwa kitambaa chenye maji, na vumbi la nyasi kavu halijapenya. Probu ya njia ya haja kubwa ilianza kuonyesha mistari myeusi miwili mwezi wa 14, dalili ya vijenzi vya fuwele vilivyokufa, nayo ilibadilishwa chini ya dhamana baada ya majuma matano ya kusubiri bila probu ya kuazimwa. Mafunzo yaliyojumuishwa kwenye ununuzi yalikuwa ya nusu siku, yote juu ya mimba na kano za miguu, na nilipoomba figo fundi alinionyesha figo ya kulia kwa dakika mbili.

Kwa hiyo daktari anayefanya kazi ya kano na uzazi, ambaye angependa pia kuangalia figo mara mojamoja kwa kijivu, atapata chombo imara kisichomwangusha. Anayetaka damu ya figo kwa farasi atakipenda akikubali kuweka alama kwa mkono na kuandaa mipangilio yake mwenyewe kila programu inaposasishwa. Anayetafuta mashine ya kumpa namba iliyo tayari, ampe mwenye mnyama karatasi na aondoke, asiinunue hii, na kwa uzoefu wangu wa zile mbili nyingine, asinunue yoyote ya daraja hili. Kwa anayefanya kazi na punda peke yao, ningeshauri ajaribu kwanza kwa wiki nzima kwa kukodisha, akiwa na mashine ya kunyolea.

Ripoti inayochapishwa ina nembo kubwa ya kampuni juu, fahirisi katikati na nafasi ya sahihi chini. Mapigo ya moyo, dawa, mapigo yaliyorukwa na upande wa figo naviandika kwa kalamu pembezoni, juu ya nembo.